Konokono Yupi Hasa Anayebeba Kichocho?

Kwa miaka 64 madaktari walimjua mnyoo wa kichocho bila kujua anapita wapi. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani wa hospitali ya Qasr al-Ainy mjini Cairo, alimkuta mwaka 1851 ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiipasua. Mayai yake yalionekana kwenye mkojo wa wagonjwa. Yai likitiwa kwenye maji safi liliangua, akatoka mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, akaogelea kwa kasi, na baada ya saa kadhaa akafa. Aendako kama hakufa, hakuna aliyejua.

Arthur Looss, bingwa wa minyoo aliyefanya kazi hapo hapo Cairo, alishikilia kwamba mdudu huyo humrudia binadamu moja kwa moja kupitia ngozi. Haikuwa rahisi kumbishia, kwani ndiye aliyethibitisha kwamba minyoo ya safura hupenya ngozi. Waliokwisha kumtafuta ndani ya konokono walikuwa wamerudi mikono mitupu.

Jibu lilianzia Japani. Mwaka 1913, katika kisiwa cha Kyushu, Miyairi Keinosuke na Suzuki Minoru walionyesha kwamba mnyoo wa kichocho cha Asia hukulia ndani ya konokono mdogo anayeishi kwenye mitaro. Miaka miwili baadaye jeshi la Uingereza, likihofia askari wake waliokuwa Misri, lilimtuma huko Robert Leiper, mtaalamu wa minyoo kutoka London. Leiper alipiga kambi yake ya kazi El Marg, kijiji cha jirani na Cairo chenye wagonjwa wengi. Yeye na wenzake waliokota konokono wa kila namna mifereji ilikopita, wakawatenga aina kwa aina, wakachungulia ndani ya miili yao kwa hadubini. Katika aina chache walikuta wadudu wenye mkia uliogawanyika mara mbili, wakawaambukiza panya na nyani kwa wadudu hao.

Sehemu hii ya historia ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu konokono ndiye aliyemaliza ubishi wa madaktari. Siku hizo walikuwa wakigombana kama kichocho ni ugonjwa mmoja au miwili: mayai mengine yana mwiba nchani, mengine ubavuni. Leiper aliona kwamba wadudu waliotoka kwa konokono wa kundi la Bulinus, mwenye gamba refu linalozunguka kwa kushoto, walikua wakawa minyoo ya mayai yenye mwiba nchani, yaani kichocho cha kibofu. Waliotoka kwa konokono bapa, mfano wa kamba iliyokunjwa duara, walizaa minyoo ya mayai yenye mwiba ubavuni, yaani kichocho cha matumbo. Asingewatenga konokono kwa uangalifu, majibu yangechanganyika na ugomvi ungeendelea.

Tangu hapo kila tabibu wa Afrika alihitaji kujua konokono wa mtaa wake ni yupi. Hapo tatizo likajitokeza, maana majina yalikuwa mengi kuliko konokono wenyewe. Karne ya 19 wasafiri walikuwa wakipeleka magamba matupu Ulaya, na wataalamu wa makumbusho wakiyapa majina mezani. Eduard von Martens wa Berlin alimweleza konokono bapa wa Ziwa Victoria mwaka 1879, akamwita choanomphala. Mwaka 1897 akatoa kitabu kizima kuhusu konokono na jamaa zao wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1910 Mwingereza Preston akabuni jina la jenasi Biomphalaria kwa konokono bapa wa Ziwa Edward. Kazi hizo zina thamani yake, lakini gamba ni shahidi wa kigeugeu. Konokono wa maji yenye mawimbi hajengi gamba sawa na ndugu yake wa kwenye kinamasi, na mchanga hafanani na mzee. Kila gamba lililozidi kidogo urefu lilipata jina jipya.

Aliyefanya kazi kubwa ya kupanga upya ni Georg Mandahl-Barth wa Denmark. Yeye hakuishia kwenye gamba. Alimfungua mnyama mwenyewe, akatazama meno madogo ya ulimini na viungo vya uzazi. Mwaka 1954 alichapisha kazi yake kuhusu konokono na kombe wa maji baridi wa Uganda na nchi jirani, na mwaka 1957 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa Bulinus na Biomphalaria wa Afrika. Baadaye watafiti walianza kuhesabu kromosomu. Bulinus wengi wana 36, wengine 72, na katika nyanda za juu za Ethiopia wamo wenye 108 na 144, ilhali kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa uhakika.

Biomphalaria nao walikuwa na historia yao. Walioko Amerika Kusini waliitwa majina mengine hadi mwaka 1965, tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ilipoamua wote wabebe jina la Preston. Vinasaba viliunga mkono uamuzi huo kwa namna isiyotazamiwa: mababu wa Biomphalaria wa Afrika walitoka Amerika, wakavuka bahari katika miaka milioni chache iliyopita, huenda kwa miguu ya ndege. Mnyoo wa kichocho cha matumbo akasafiri njia ya kinyume, ndani ya miili ya Waafrika waliouzwa utumwani. Kule ng'ambo akakuta ukoo wa konokono anayemfaa.

Kwetu, umuhimu wa kumtambua konokono ulionekana wazi visiwani. Unguja wako Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Magamba yao yanakaribiana kiasi kwamba mtu mzoefu hukosea. Miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza, wakishirikiana na wa Zanzibar, waliwapima vinasaba na kuwatenganisha. Globosus alikuwa kaskazini na katikati ya kisiwa, kwenye kichocho kingi. Nasutus alikuwa kusini, ambako ugonjwa haukuwa ukienezwa. Nasutus wa Unguja hakubali kuambukizwa na mnyoo wa pale. Lakini ukivuka bahari ukafika Usukumani, ndugu zake wa karibu ndio wanaoeneza kichocho cha kibofu kwenye malambo na madimbwi, kama Gerald Webbe alivyoeleza mwaka 1962 baada ya kuwachunguza pande za Mwanza.

Huo si ubishi wa wasomi tu. Kuanzia 2011 Zanzibar iliendesha mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho: watu walipewa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia maji yalipuliziwa sumu ya konokono. Sumu hiyo huua samaki pia na ni ghali. Kuimwaga kwenye kijito chenye nasutus watupu ni kupoteza fedha na kitoweo cha watu. Dawa nayo huua minyoo iliyokomaa mwilini bila kumkinga mtoto anaporudi kuoga mtoni, na konokono hawa hawahitaji wengi ili kurudi: kila mmoja ana viungo vya uzazi vya kike na vya kiume, anaweza kujizalisha peke yake, na wengi wao hustahimili kiangazi ndani ya tope.

Ziwa Victoria bado halijatulia. Choanomphala wa von Martens anakaa kwenye maji ya kina. Biomphalaria sudanica anakaa kwenye vinamasi vya ufukweni. Vipimo vya vinasaba vinazidi kuonyesha kwamba hao huenda ni spishi moja yenye maumbo mawili. Hata hivyo, majaribio ya maabara yaliyofanyika Kenya yanaonyesha kwamba sudanica humkataa mnyoo mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa kilindini. Kwa hiyo jina pekee halitoshi kwa mtu wa afya aliye Kisumu, Entebbe au Mwanza. Inambidi achukue konokono wa ufuko wake, awaweke kwenye glasi za maji chini ya mwanga, ahesabu wangapi wanatoa wadudu wenye mkia wa panda, na arudie kazi hiyo msimu ukibadilika.