Nani ni Nani kwa Nani: Historia ya Ruhusa, kutoka kwa Abatware hadi Seva za Kigali

Mkulima wa Rwanda wa mwisho wa karne ya 19, enzi za Mwami Kigeli IV Rwabugiri, hakuwa na mkubwa mmoja. Alikuwa nao watatu, walioitwa abatware. Umutware w'ubutaka alisimamia mashamba na ushuru wa mazao, umutware w'umukenke akasimamia malisho, naye umutware w'ingabo akakusanya watu wa jeshi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kitu cha mkulima yule, na watu walijua kuutumia mwanya huo: anayebanwa na mkubwa wa malisho alikimbilia kwa mkubwa wa ardhi. Juu ya hayo kulikuwa na ubuhake, ambapo mtu alipewa ng'ombe na ulinzi, naye akalipa kwa utumishi. Alichoruhusiwa kufanya kilitegemea alivyohusiana na fulani, na uhusiano huo uliweza kuvunjwa.

Enzi hiyo haistahili kupambwa. Ubuhake uliwaumiza wengi, ndiyo maana Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Lakini swali lililokuwa ndani yake, la nani ana haki gani juu ya kitu kipi kwa sababu ya nani, ndilo linalowasumbua leo wahandisi wanaounganisha mifumo ya taarifa jijini Kigali.

Wabelgiji, waliokuja kuitawala nchi baadaye, hawakuvumilia wakubwa watatu juu ya kilima kimoja. Kuanzia 1926, kwa mageuzi yanayohusishwa na Georges Mortehan, vyeo hivyo viliunganishwa mikononi mwa chifu mmoja, na mkulima akakosa pa kukimbilia. Kisha ikaja sensa ya 1933–34, na kadi iliyombandika kila mtu mzima neno moja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watoto walirithi neno la baba. Novemba 1990 Rais Juvénal Habyarimana alitangaza kuwa neno hilo litaondolewa kwenye vitambulisho, lakini halikuondolewa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi hiyo iliamua nani auawe katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kitambulisho kipya, kilichoanza kutolewa mwaka 2008, hakina kabila. Namba yake ina tarakimu 16, na ndani yake umo mwaka wa kuzaliwa na jinsia ya mwenye kadi. Mwaka 2015 jukwaa la mtandaoni la Irembo lilifunguliwa, na huduma za serikali zilizohitaji foleni, kama vyeti vya kuzaliwa, zikaanza kuombwa kwa simu na kompyuta. Tangu Agosti 2020 mtoto huandikishwa palepale hospitalini anapozaliwa. Huduma za namna hii husimama juu ya API, milango ambayo programu moja hupitia kuiomba nyingine taarifa.

Udhaifu wa milango hiyo unajulikana dunia nzima. Seva inahakikisha kwamba anayeuliza ameingia kihalali, kisha inampa rekodi aliyoitaja. Akibadilisha tarakimu moja kwenye ombi, anapata rekodi ya jirani. OWASP, jumuiya ya wataalamu wa usalama wa programu, iliuweka udhaifu huu nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari za API mwaka 2019, na ilipoitoa upya mwaka 2023 haukushuka hata nafasi moja.

Sayansi ya kompyuta imelizunguka jambo hili kwa nusu karne. Mwaka 1971 Butler Lampson alichora jedwali lenye watu upande mmoja na vitu upande mwingine, kila kisanduku kikibeba ruhusa. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani, walipendekeza ruhusa zifuate wadhifa. Maofisi yalilipenda wazo hilo na bado yanalipenda, kwa kuwa linafanana na chati ya vyeo ukutani. Tabu huanza pale wadhifa usipotosha. Muuguzi aone wagonjwa wa kituo chake, asione wa wilaya nzima. Mama aone cheti cha mwanawe tu. Ukilazimisha vyeo vifanye kazi hiyo, utaishia na cheo kwa kila familia nchini.

Mwaka 2007 Carrie Gates alitetea ruhusa zinazofuata mahusiano, akiwa na mitandao ya kijamii mawazoni. Mwaka 2019 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya mfumo wao, Zanzibar. (Mwanzoni uliitwa Spice, kwa ushabiki wa riwaya ya Dune; ulipobidi kubadilishwa jina, visiwa vya karafuu vikapata sifa ambayo havikuiomba.) Mfumo huo hutunza matrilioni ya kanuni za ruhusa, hujibu maombi mamilioni kwa sekunde, na majibu 95 katika kila 100 hutoka chini ya milisekunde 10.

Kiini chake ni sentensi fupi: kitu, uhusiano, mtu. Cheti hiki, mzazi, Mukamana. Kiwanja hiki, mmiliki mwenza, mumewe. Kanuni huandikwa mara moja, kwamba mzazi au mlezi anaweza kuona cheti, na API huuliza tu kama Mukamana anaruhusiwa. Rwanda ina malighafi ya sentensi hizo kwa wingi: uandikishaji wa ardhi wa 2009 hadi 2013 ulipitia viwanja zaidi ya milioni 10, na hati zikaandika mke na mume pamoja na mgao wa kila mmoja. Tena si lazima kuwa Google. SpiceDB na OpenFGA ni programu huria zilizojengwa kwa kufuata Zanzibar.

Kuongeza mfumo wa namna hii kwenye API iliyokwisha kuzoeleka ndiko kwenye kazi. Mahusiano ya zamani yamelala ndani ya hifadhidata nyingine na lazima yanakiliwe, kisha kila badiliko liandikwe pande zote mbili bila kupishana. Kuuliza "huyu anaruhusiwa?" ni rahisi; kuuliza "anaruhusiwa kuona vitu vipi vyote?" huchosha seva. Mhandisi mwangalifu huendesha mfumo mpya sambamba na wa zamani, akilinganisha majibu, kabla ya kuuachia uamuzi.

Kuvunja uhusiano ni kugumu kuliko kuufunga. Mahakama ikimwondoa mlezi asubuhi, na ripoti mpya ya mtoto ikaingizwa mchana, seva iliyoshika nakala ya jana isije ikamfungulia. Zanzibar hulitatua hili kwa alama ndogo inayohifadhiwa pamoja na ripoti, ikiilazimu seva kutumia mahusiano yasiyo ya zamani kuliko ripoti yenyewe.

Kwa Kigali, hata hivyo, naona hatari kubwa iko kwingine. Sheria namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 inalinda taarifa binafsi chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, na ramani ya nani ni mzazi wa nani, mke wa nani, mgonjwa wa kituo kipi, ni taarifa binafsi kuliko cheti chochote inachokilinda. Mifumo hii hupokea maombi ya aina mbili. Moja huuliza kama mtu fulani anaruhusiwa, na hujibiwa ndiyo au hapana. Jingine humimina mahusiano yenyewe, majina yote. Ofisi nyingi zinahitaji la kwanza tu. Atakayezifungulia zote la pili kwa kukwepa usumbufu atakuwa amezigawia daftari la ukoo wa nchi nzima, lile ambalo makarani wa 1933 walilazimika kulikusanya kilima kwa kilima.