Elimu Ilipopimwa Mwanza
Kijana akishajua hatari atajikinga: hivyo ndivyo wengi walivyoamini enzi za UKIMWI. Mkoani Mwanza, kuanzia 1999, mradi wa MEMA kwa Vijana uliipima imani hiyo katika jamii 20 za vijijini. Kumi, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zilipewa masomo shuleni na huduma rafiki kwa vijana katika zahanati; kumi zikabaki za kulinganishia. Kufikia 2002 maarifa yalipanda, ila maambukizi ya VVU hayakuonyesha kupungua. Muda ni mfupi mno, mtu angeweza kusema. Hoja ya haki, lakini uchunguzi wa 2007/2008 ulikuta maarifa bado yapo na nafuu ya VVU bado haipo. Bila zile jamii kumi za kulinganishia, kupanda kwa maarifa pekee kungehesabiwa ushindi. Elimu haikuwa kazi bure. Haikutosha tu, maana binti anayejua yote anaweza kukosa sauti mbele ya mwanamume mwenye fedha.