Kamera Kwenye Uwanda wa Bétheny
Maonyesho makubwa ya kwanza ya kimataifa ya ndege yalifanyika kwenye uwanda wa Bétheny, karibu na mji wa Reims, Ufaransa, tarehe 22 hadi 29 Agosti 1909. Wapigapicha walikuwepo, tena na mizigo yao: kamera nzito na vioo vilivyopakwa dawa, kimoja kwa kila picha. Aliyekosea hakuwa na nafasi ya pili, maana kabla hajabadilisha kioo ndege imeshapita.

Kamera nyingi za habari zilikuwa na pazia la kitambaa lenye upenyo mwembamba uliopita mbele ya kioo. Kwa kuwa mwanga haukufika pote kwa mara moja, kitu chenye kasi kiliweza kuonekana kimepinda. Bahati nzuri, ndege zenyewe hazikwenda mbio sana: Glenn Curtiss wa Marekani alishinda Kombe la Gordon Bennett kwa mwendo wa kilomita 75 hivi kwa saa, ambao leo hata basi huupita. Picha zilichapwa kuwa kadi za posta.

Ndege za jeti zilibadili kazi ya wapigapicha. Huko Farnborough, Uingereza, ambako maonyesho yalianza 1948, ndege moja ilivunjika angani mwaka 1952 na kuua watu 31, wakiwemo watazamaji 29. Kanuni za usalama zikakazwa, ndege zikawekwa mbali zaidi na umati, na lenzi ndefu ikawa ya lazima. Ndege za rafadha, hata hivyo, bado hupigwa picha kwa pazia la polepole, ili rafadha isionekane imeganda.