Rejista fiche za prosesa: Mwenyeji amjibu nini mgeni?

REKODI za wagonjwa katika eneo la Eldoret zilianza kuhamia kwenye kompyuta mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani waliofika Eldoret kusaidia mpango wa AMPATH walishiriki kuasisi OpenMRS, programu ya rekodi za matibabu iliyoanza kutumika huko mwaka wa 2006 na baadaye kuenea katika mataifa mengi.

Programu ya aina hiyo huhitaji seva, yaani kompyuta kubwa ya kuhifadhi na kugawa habari. Siku hizi seva moja huweza kubeba kompyuta nyingi za kuigiza, kila moja ikijiona kama iko peke yake. Rekodi za hospitali zinaweza kukaa katika mashine ile ile inayotumiwa na duka au chuo.

Programu inayozitenganisha huitwa haipavaiza. Hiyo ndiyo mwenyeji. Kompyuta za kuigiza ni wageni wake. Usalama wa siri za mgonjwa hutegemea ukuta ambao mwenyeji huyo amejenga kati ya mgeni mmoja na mwingine.

Mojawapo ya sehemu ngumu za ukuta huo ni rejista maalumu za prosesa. Hizi ni nafasi ndogo za kumbukumbu, kila moja ikiwa na nambari yake, zinazoongoza mambo kama vile joto, kasi na matumizi ya umeme. Baadhi yazo hazielezwi popote katika vitabu vya watengenezaji. Mwaka wa 2010, kwa mfano, ilibainika kuwa prosesa kadhaa za AMD zilikuwa na rejista za kuchunguzia hitilafu ambazo hazikufunguka hadi programu itoe neno la siri.

Mgeni anapotaka kusoma rejista, haipavaiza huweza kuingilia kati. Katika prosesa za Intel, haipavaiza huandaa ramani ya baiti 4,096 inayoonyesha rejista ambazo mgeni anaruhusiwa kuzigusa moja kwa moja. Ramani hiyo hushughulikia makundi mawili ya rejista 8,192 kila moja, na ruhusa ya kusoma hutengwa na ile ya kuandika. Rejista yoyote iliyo nje ya makundi hayo humsimamisha mgeni papo hapo, na haipavaiza hukabidhiwa uamuzi.

Uamuzi huo una njia tatu. Ya kwanza ni kukataa: mgeni hupewa kosa lile lile ambalo prosesa halisi hutoa rejista isipokuwepo. Ya pili ni kujifanya: anayesoma hujibiwa sufuri, na anachoandika hutupwa. Ya tatu ni kumpa thamani halisi iliyo katika prosesa.

Kila njia ina gharama yake. Kukataa ni salama, lakini mfumo ambao haukutarajia kosa hilo huweza kuzimika ukiwa bado unawaka. Kujifanya huuwezesha kuendelea, ila huenda ukafanya kazi kwa kutegemea jambo lisilo la kweli. Kutoa thamani halisi ndiko hatari zaidi. Isitoshe, mgeni aliyezoea thamani za seva moja huweza kukwama akihamishiwa seva yenye prosesa tofauti.

KVM, haipavaiza iliyoingizwa katika Linux mwaka wa 2007, hukataa rejista isiyoifahamu, isipokuwa msimamizi aiamuru kujifanya. Xen, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, ilikuwa na desturi ya kumsomea mgeni rejista halisi hata ikiwa haikuijua.

Matokeo ya desturi hiyo yalionekana Novemba 2020. Watafiti wa vyuo vya Ulaya, wakiwemo wa Graz nchini Austria na Birmingham nchini Uingereza, walionyesha kuwa vihesabio vya umeme vilivyo ndani ya prosesa za Intel vinaweza kutumiwa kubaini funguo za siri. Vihesabio hivyo vilielezwa wazi na Intel. Ila Xen haikuwa imeviweka katika orodha ya rejista za kuzuia, hivyo wageni waliweza kuvisoma. Walinzi wa Xen walitoa tahadhari na marekebisho, na toleo la 4.15 la mwaka wa 2021 likaanza kukataa rejista zote lisizozijua. Aliye na mgeni wa zamani asiyevumilia kukataliwa anaweza kumlegezea sharti hilo, lakini kwa hiari yake.

Hata hivyo, orodha nayo huweza kuwa na kosa. Mwaka wa 2014, Xen ilipatikana ikikubali nambari 1,024 za kundi fulani la rejista badala ya 256. Mgeni aliyeomba nambari za ziada angeweza kusoma kumbukumbu ya mwenyeji au ya mgeni mwenzake, au kuiangusha seva nzima. Kampuni ya Amazon ililazimika kuzima na kuwasha upya sehemu ya seva zake kabla ya kosa hilo kutangazwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Kwa msimamizi wa seva zenye rekodi hizo, awe Eldoret au kwingineko, mambo matatu ni muhimu: kujua haipavaiza yake hujibu nini isipoifahamu rejista, kusakinisha marekebisho bila kuchelewa, na kutomlegezea mgeni yeyote sharti ila kwa sababu inayojulikana.