Kabla ya kununua bafle mpya za gari, angalia omu kwanza

Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu ao Butembo yalitumika kwanza Japani. Bafle zake zinazeeka: karatasi inapasuka, sauti inakwaruza. Wenye gari wengi wanakimbilia bafle iliyoandikwa wati nyingi. Lakini kitu cha kwanza cha kuangalia ni omu.

Omu ni nini?

Ni kipimo cha namna bafle inavyozuia umeme. Namba iko nyuma, kwenye sumaku: 2 Ω, 4 Ω ao 8 Ω. Bafle nyingi za sokoni ni za omu 4. Gari iliyotoka kiwandani na ampli yake, kama zile zenye maandishi Bose ao JBL, inaweza kuwa na bafle za omu 2 ao chini ya hapo.

Ukiweka omu 4 pahali pa omu 2, ampli inatoa karibu nusu ya nguvu. Hakuna kinachoungua, ila sauti inapunguka. Ukifanya kinyume, umeme unaopita unakuwa karibu mara mbili. Ampli inapata moto, inajizima ao inakufa kabisa. Hapo bafle ya bei ndogo imekuwa ya bei kubwa.

Namna ya kupima

Kama namba imefutika, zima radio, chomoa waya za bafle ya zamani na uweke multimeta. Bafle ya omu 4 inaonyesha kama 3,2 hadi 3,8, ni kawaida. Kama haionyeshi kitu, bafle imekatika ndani: pima ya mlango wa upande mwingine.

Kati ya bafle mbili za omu sawa, chagua yenye desibeli nyingi. Ile ya desibeli 91 inahitaji nusu tu ya wati ambazo ya 88 inahitaji ili kutoa sauti ile ile.

Na ukibadilisha radio?

Radio nyingi za Japani zinaishia FM 90, njo maana watu wanazitoa. Kama radio mpya inawaka bila sauti, muulize fundi kama ameunga waya ya kuamsha ampli. Kwa radio nyingi mpya, ni ya bluu yenye mstari mweupe. Bila hiyo, ampli inalala.

Fundi apime mbele yako, mbele ya kulipa.