Kizuri chajiuza? Historia fupi ya vikao vya biashara katika mikutano ya programu huria

Jana usiku nilikaa na kikombe cha chai nikipitia ratiba ya mkutano wa programu huria ninaotarajia kuhudhuria. Ukumbi wa kwanza ni hifadhidata, wa pili usalama wa seva, wa tatu lugha mpya za programu. Ukumbi wa nne, ulioandikwa chini kabisa, ni biashara na masoko. Zamani ningeuruka huo wa nne bila hata kusoma vichwa vya vikao vyake. Safari hii nimeanza nao. Wacha niwaeleze sababu, kisha tuangalie historia kidogo, maana historia hii inatuumbua sisi wanaprogramu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kutunza hesabu za chama: michango, mikopo, faini za kuchelewa. Niliuweka msimbo wote wazi, anayetaka achukue. Sacco moja (sitaitaja) ikaniita niwaonyeshe, na kazi ikawapendeza. Mwishoni mwenyekiti akauliza, "Sasa kijana, hii ni pesa ngapi?" Nikajibu kwa fahari, "Mzee, hii ni ya bure." Nilidhani nimemfurahisha. Akafunga daftari lake, akasema, "Na ikiharibika mwisho wa mwezi, wanachama wamepanga foleni, nitampigia nani?"

Sikuwa na jibu. Walinunua programu ya kulipia, tena haikuizidi yangu kwa lolote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki chache kabla ya hapo nilikuwa kwenye mkutano uliokuwa na kikao cha jinsi ya kupanga bei ya matengenezo na huduma. Mimi nilikuwa ukumbi wa jirani nikisikiliza habari za kuharakisha hifadhidata.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wanaprogramu tumeishika methali hii kama dini. Andika msimbo safi, uweke wazi, watu watakuja wenyewe. Lakini programu huria zilizofika mbali hazikufika hivyo.

Hata jina ni kazi ya masoko

Januari 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itaweka wazi msimbo wa kivinjari chake. Wapenzi wa programu huria waliona mlango umefunguka, lakini jina lao lilikuwa linawakwaza. Kiingereza hutumia neno moja, free, kwa mambo mawili ambayo Mswahili hayachanganyi: huru na bure. Mkurugenzi wa kampuni akisikia neno hilo alifikiria bure, na cha bure alikishuku. Februari mwaka huo, huko California, Christine Peterson akapendekeza jina jipya: open source. Peterson hakuwa mwanaprogramu. Alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa teknolojia za baadaye, na alitaka jina ambalo mtu wa kawaida angelielewa bila kuelezwa mara mbili.

Aprili 1998 mchapishaji Tim O'Reilly aliwaita pamoja vinara wa programu hizi, akiwemo Linus Torvalds wa Linux, Larry Wall wa Perl na Guido van Rossum wa Python. Walijadili jina wakalipigia kura, na siku ikaisha kwa mkutano na waandishi wa habari. Si wote walioridhika. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati hizi tangu miaka ya 1980, amelipinga jina hilo hadi leo kwa hoja kwamba linaficha suala la uhuru. Hoja yake ina uzito. Lakini tukubali kwamba jina tunalojivunia lilichaguliwa kwa kufikiria mnunuzi.

Kutoka Perl hadi soko la hisa

Mkutano mkubwa wa O'Reilly ulianza mwaka 1997 kama mkutano wa Perl tu. Mwaka 1999 ukapanuliwa kuwa OSCON, mkutano wa programu huria za kila aina, uliofanyika Monterey mwezi Agosti. Mwezi huo huo, tarehe 11, Red Hat iliingia kwenye soko la hisa. Hisa iliyotolewa kwa dola 14 ilifunga siku ikiwa karibu dola 52. Desemba ikafuata VA Linux, iliyokuwa ikiuza kompyuta zenye Linux. Hisa yake ilipanda kutoka dola 30 hadi zaidi ya 239 kwa siku moja. Kufikia mwaka 2001 kampuni hiyo ilikuwa imeacha kabisa kuuza kompyuta. Red Hat iliendelea, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34.

Tofauti iko wapi? Red Hat ilikuwa inauza jibu la swali la mwenyekiti wangu. Msimbo uko wazi, lakini mteja analipa kila mwaka apate masasisho yaliyojaribiwa na mtu wa kumpigia simu. MySQL walikuja na njia nyingine: leseni mbili kwa programu moja. Ukikubali masharti ya leseni huria, huilipii. Ukitaka kuiingiza katika bidhaa yako bila kufungua msimbo wako, unanunua leseni ya biashara. Januari 2008 Sun ilitangaza kuwanunua kwa dola bilioni 1.

Mambo haya yalikua hadi yakapata mkutano wake. Mwaka 2004 Matt Asay alianzisha San Francisco mkutano wa biashara ya programu huria peke yake, OSBC. OSCON nayo haipo tena. O'Reilly walifunga kitengo chao cha mikutano ya ana kwa ana Machi 2020.

Kilichojitembeza na kilichonyamaza

Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004. Desemba 16 mwaka huo kulikuwa na tangazo la kurasa mbili katika New York Times, lililolipiwa na wapenzi wa kivinjari hicho, na majina ya wachangaji zaidi ya 10,000 yakachapwa humo. Kizuri kilijitembeza, na hakikupoteza uzuri wake.

Sasa tazama OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano kwenye seva nyingi sana duniani. Aprili 2014 kosa la Heartbleed lilipofichuliwa, dunia iligundua kwamba mradi huo ulikuwa unapata takriban dola 2,000 tu kwa mwaka za michango, na mtu mmoja ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Kila mtu aliutumia. Hakuna aliyekuwa amepewa bili.

Hapa Afrika hoja tuliyoizoea ni kwamba programu huria haina gharama ya leseni. Ni kweli. Lakini ukiishia hapo umemwambia mteja kile nilichomwambia mwenyekiti.

Jinsi ninavyochagua sasa

1. Kikao kiseme nani analipa na analipia nini. Vichwa kama "Mustakabali wa programu huria" naviruka.

2. Msemaji awe ameuza kitu, asiwe amekuja kuniuzia mimi. Vikao vya wadhamini wa mkutano navisoma mara mbili kabla ya kuvitia alama.

3. Kikao cha leseni na majina sikikosi. Mwaka 2006 Debian walilazimika kuibatiza Firefox jina la Iceweasel kwa sababu msimbo ulikuwa huria, ila jina na nembo zilikuwa na mwenyewe. Afadhali kulijua hilo kabla ya kuchapisha vipeperushi.

4. Akiwepo mtu wa kusimulia jinsi biashara yake ilivyokufa, nakaa mstari wa mbele.

Nimetia alama vikao vitatu. Kimoja kinagongana na kikao cha hifadhidata ninachokitamani kweli, lakini mambo ya hifadhidata nitayasoma nyumbani. Programu yangu ya chama bado ipo, na msimbo wake utabaki wazi. Nikirudi kutoka mkutanoni nitaongeza mistari miwili kwenye ukurasa wake: bei ya matengenezo kwa mwaka, na nambari ya simu ambayo mtu atapokea hata mwisho wa mwezi.