Wembe Mmoja, Shingo Ngapi?

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Methali hii, ndugu msomaji, inajua kazi ya kinyozi: nywele kavu zikinyolewa, ngozi huchubuka. Zamani Pemba, wembe ulinunuliwa mara moja, ukanolewa kwenye ukanda wa ngozi, ukanyoa babu na baba, hata utosi wa kitoto cha siku 7. Nafuu gani hiyo! Nyembe za kutupa, alizopata Gillette hataza yake Marekani mwaka 1904, kila siku zataka pesa. Lakini mwaka 1986 Ukimwi ukagunduliwa Zanzibar, na wembe wa kila shingo ukageuka tishio. Wazee wanung'unike watakavyo, ati wembe mpya hauna makali yale. Mimi kinyozi naufunue nikiuona, bwana. Kisha ndo nifumbe macho, nimwachie koo.